Barua ya wazi kwa Madiwani wa Singida: Tupeni siku moja ya mbio na bega la barabara

Kwa Mwenyekiti na Waheshimiwa Madiwani,
Halmashauri ya Wilaya ya Singida,
Ilongero.

Yah: Mbio za baiskeli za kila mwaka Ilongero, na nafasi ya mwenye baiskeli barabarani

Waheshimiwa,

Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu, mtoto wa mkoa huu, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo kwa saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huo huo, sekunde kwa sekunde, na ilibidi waamuzi watazame picha ya mstari wa mwisho ndipo dhahabu ije Tanzania, ya kwanza kwa nchi hii katika mashindano ya dunia ya riadha. Siku sita baadaye, Septemba 21, majirani zetu wa Rwanda walifungua mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mjini Kigali, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Habari ya Tokyo tuliishangilia mpaka sauti zikakauka. Ile ya Kigali ilipita kimya hapa kwetu, ingawa malori yanayokatiza Singida mjini kuelekea Nzega na Rusumo yanakwenda huko huko Kigali.

Nawaandikia kwa sababu ya hiyo iliyopita kimya. Ombi lenyewe nalitaja mapema ili mwenye haraka asilazimike kusoma hadi chini: Halmashauri itenge siku moja ya mbio za baiskeli kila mwaka, zianzie na kuishia Ilongero, na kila lami inayomwagwa katika wilaya hii iwe na bega ambalo mwenye baiskeli anaweza kupita bila kuomba dua. Mengine yote yaliyomo humu ni ya kulitetea ombi hilo.

Mimi si kiongozi wa chama chochote cha michezo. Ni mkazi wa Ilongero, naendesha baiskeli kwenda kutafuta riziki, na kila Julai huwa mgonjwa wa Tour de France, mbio za baiskeli za kuizunguka Ufaransa. Ugonjwa huo hauniumizi peke yangu. Tunaitazama kwenye simu, kivulini, kwa fundi wetu wa baiskeli, huku yeye akiziba pancha na kunyoosha rimu. Bando likikata zikiwa zimebaki kilomita 10, ndipo unawajua wapenzi wa kweli: kuna anayempigia ndugu yake Dar es Salaam amsimulie kwa mdomo.

Wageni wa mchezo huu huuliza swali lile lile: mbona huyu aliyevuta mbele tangu asubuhi hashindi? Siku moja nilieleza kwamba timu ina watu 8, na saba kati yao kazi yao ni kumlinda mmoja. Wanamkinga na upepo, wanamletea chupa za maji, baiskeli yake ikiharibika wanampa ya kwao, na mwisho wa siku wanaingia nyuma sana, wamekwisha, hakuna anayewapigia makofi. Mzee mmoja jirani, ambaye sidhani kama amewahi kuvaa kaptura ya michezo, alielewa kabla sijamaliza. "Huo si ni ujima," akasema. "Leo mnalima kwangu, kesho kwa mwenzangu, lakini shamba la leo lina mwenyewe." Sijapata kusikia mtangazaji wa televisheni akiyaeleza mashindano hayo vizuri kuliko hivyo.

Julai 1, 2024 tulikuwa hapo hapo kivulini Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua ya tatu iliyoishia Torino, Italia, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Akaongeza nyingine mbili na kumaliza mashindano akiwa na jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi. Tangu siku hiyo watoto wanaoleta baiskeli za baba zao kujazwa upepo wanajiita Bini. Majina ya wachezaji wa mpira hayajaondoka, Simba na Yanga zipo na zitakuwapo, lakini jina jipya limeingia mtaani na hakuna aliyelilipia tangazo.

Waheshimiwa, tazameni kwanza nani yuko barabarani. Anayesimama asubuhi pale watu wanapoingilia Ilongero ataona baiskeli imebeba gunia la alizeti limelazwa juu ya keria, nyingine ina matenga ya kuku wanaokwenda mjini, nyingine madumu manne ya maji, nyingine mama aliyekaa ubavu na mtoto wa kliniki mgongoni. Ni Phoenix nyingi, na Swala chache za zamani ambazo wenyewe hawaziuzi kwa bei yoyote. Phoenix ina uzito wa kama kilo 20 kabla hujaipakia chochote. Baiskeli za kina Girmay haziruhusiwi kupungua kilo 6.8, na kuna wahandisi wanaolipwa kuhangaika na gramu. Kijana anayesukuma Phoenix yenye gunia kutoka Makuro au Kinyeto hadi hapa amekwisha kufanya mazoezi ambayo wengine huyalipia kocha. Tunachokosa ni mahali pa kumpima.

Kisha kuna upepo. Mtu wa Singida haelezwi habari za upepo. Wawekezaji wamekuja mara kwa mara kuupima ili wauzalishie umeme, na sisi tunaupima kila siku kwa miguu. Wakati wa kiangazi kuna saa ambazo tambarare ya kwenda mjini inakuwa ngumu kuliko kilima. Katika mbio za kulipwa, upepo huo ni taaluma nzima. Anayejificha nyuma ya mwenzake huokoa robo hadi theluthi ya nguvu zake. Upepo ukija wa ubavu, waendeshaji hujipanga mshazari, kila mmoja akijikinga kwenye ubavu wa mwenzake, mpaka upana wa barabara uishe. Aliyekosa nafasi anabaki pembezoni peke yake, anapigwa, anaachwa, na hapo ndipo msafara unapokatika vipande. Waholanzi na Wabelgiji wa Flanders, ambao kwao hakuna mlima wa kutisha, wamelelewa na upepo wa namna hiyo na wametoa mabingwa kwa zaidi ya miaka mia. Nimewaona vijana wetu wanaopeleka kuku mnadani wakipokezana mbele vivyo hivyo, bila kocha na bila kitabu. Wakifika wanagawana soda, basi.

Sitaki kuwaahidi bingwa wa dunia. Lakini hesabu moja naomba mnisamehe nikiiweka mezani. Sensa ya 2022 ilihesabu katika mkoa wa Singida watu 2,008,058. Slovenia, nchi nzima, ina watu zaidi kidogo ya milioni 2. Huko ndiko alikotoka Tadej Pogačar, aliyeshinda mbio kuu za wanaume Kigali, Septemba 28, 2025, baada ya kilomita 267.5 za kupanda na kushuka. Ni waendeshaji 30 tu waliofika mwisho siku ile, wengine wote walikata tamaa njiani. Nchi yenye watu kama sisi imetoa mtu anayewatesa Wafaransa nyumbani kwao. Wanazo barabara nzuri, wanazo fedha, hilo nalijua. Ila Eritrea haina fedha hizo, na Girmay ni wa Eritrea.

Eritrea inafaa kutazamwa kwa karibu. Baiskeli ililetwa huko na Waitaliano, ambao mwanzoni waliwazuia wenyeji kushindana nao. Mbio za kuizunguka nchi hiyo zilianza mwaka 1946. Hadi leo, mwisho wa wiki, mitaa ya Asmara hufungwa kwa ajili ya mbio, na mtoto anakua akijua kwamba Jumapili kuna kushindana. Daniel Teklehaimanot alitoka katika desturi hiyo, akawa mwaka 2015 Mwafrika wa kwanza kuvaa jezi ya madoadoa ya mfalme wa milima katika Tour de France. Girmay alikuja baada yake. Ukiuliza siri yao utaambiwa mwinuko, hewa nyembamba, damu, na hadithi nyingine. Mimi naamini siri ni kalenda. Ilikuwapo siku ya mbio, na siku hiyo haikuahirishwa kwa sababu mgeni rasmi amepata dharura.

Rwanda nao hawakuanza na mashindano ya dunia. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, ikakatishwa na mauaji ya kimbari, ikafufuka, na mwaka 2009 ikaingia kwenye kalenda ya kimataifa. Mwaka 2007 Jock Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, alikwenda kuijenga timu ya taifa. Vijana aliowapata walikuwa watu wa namna gani? Gasore Hategeka alikuwa akibeba viazi na abiria kwa baiskeli kwenye milima ya kaskazini. Mwenzake Adrien Niyonshuti alifika Olimpiki ya London mwaka 2012, akabeba bendera ya nchi yake. Kutoka 1988 hadi siku ile Pogačar anakata mstari Kigali ni miaka 37. Tukianza Agosti ijayo, tuwe na subira kama hiyo.

Na Kenya, ambako serikali haikuwa na habari, mtu mmoja alitosha. David Kinjah aliwakusanya vijana huko Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, akawafundisha kuendesha na kutengeneza baiskeli zao wenyewe katika nyumba ya mabati. Mmoja wa waliomfuata alikuwa kijana wa Kizungu mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome. Huyo alikuja kushinda Tour de France miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Wale wenzake weusi waliokuwa wakipanda naye milima ile ile hawakupata njia aliyoipata yeye, na hilo nalisema wazi kwa sababu kipaji bila mlango wa kutokea hubaki hadithi ya kijiweni. Mlango huo ndio ninaouomba hapa.

Msidhani kwamba Tanzania haina historia. Kanda ya Ziwa wametutangulia mbali. Mwanza ilikuwa na mbio kubwa zilizodhaminiwa na kampuni ya simu, zikavuta waendeshaji kutoka Shinyanga na mikoa ya jirani, na kulikuwa na mbio za wanaume, za wanawake na za watu wenye ulemavu. Mdhamini alipoondoka, sherehe ikapoa. Tangu 2019 msafara wa Twende Butiama umekuwa ukitoka Dar es Salaam kwa baiskeli hadi kijijini kwa Mwalimu Nyerere. Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, kipo. Watumishi wa umma katika michezo ya SHIMIWI wanashindana kwa baiskeli, na katika Mei Mosi pia, na nyinyi mnakumbuka kwamba sherehe za kitaifa za Mei Mosi 2025 zilifanyika Singida. Kwa hiyo mtumishi mwenye kitambi anazo mbio zake, nami nampongeza. Mwanafunzi wa Mtinko anayekwenda shule kwa baiskeli kila siku hana, maana michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, haijampa nafasi. Hapo kuna kitu kimegeuzwa kichwa chini.

Nimeyasikia majibu ya kawaida, na naomba niyajibu moja moja kabla hayajasemwa ukumbini.

Mtasema barabara zetu ni za vumbi. Sawasawa. Italia kuna mbio ziitwazo Strade Bianche, zilizoanza mwaka 2007, na sifa yake yote ni vumbi: zinapita kwenye barabara nyeupe za changarawe za mashambani, na Pogačar huyo huyo alishinda miaka ya 2022, 2024 na 2025, akifika mwisho amepakwa udongo kama mfyatua matofali. Mwaka 2024 Tour de France yenyewe ilikwenda kuitafuta changarawe karibu na mji wa Troyes. Kenya, kwenye mbuga za Maasai Mara, kuna Migration Gravel Race, na Wazungu wanalipa nauli kuja kuendesha kwenye njia ambazo mchungaji anazipita na ng'ombe. Changarawe ya Ilongero hadi Mtinko tumeidharau kwa sababu tumezaliwa nayo.

Mtasema vijana wa siku hizi wanataka pikipiki. Wanazitaka, na wana haki. Bodaboda inafikisha mgonjwa hospitali usiku, baiskeli haiwezi. Lakini wengi wa waendesha bodaboda ninaowafahamu walijifunzia barabara kwenye baiskeli, na kila mafuta yanapopanda bei keria za Phoenix zinaanza kujaa tena.

Mtasema hakuna fedha. Hili ndilo jibu linalonifurahisha, kwa sababu Tour de France yenyewe ilizaliwa mwaka 1903 kutokana na kukosa fedha. Gazeti la L'Auto lilikuwa likizidiwa na mpinzani wake, likabuni mbio za kuizunguka Ufaransa ili liuze nakala. Jezi ya njano inayojulikana dunia nzima ilikuja mwaka 1919, na karatasi za gazeti lile zilikuwa za njano. Leo miji midogo ya Ufaransa inalipa ili mbio zianzie au kuishia kwao, kwa sababu wanajua kwamba siku ile kila chumba cha kulala wageni kitajaa. Mbio za barabarani hazina kiingilio wala uzio. Mama anayepika maandazi mlangoni kwake tayari yuko jukwaa kuu. Ilongero ni makao makuu ya wilaya, lakini msafiri anayepita barabara kuu kule mjini hana sababu ya kukata kona kuja huku. Mpeni sababu.

Gharama za mwaka wa kwanza ni ndogo. Tunahitaji waamuzi, tuwaombe CHABATA. Tunahitaji askari wa usalama barabarani, gari la wagonjwa, maji njiani, na mtu mwenye daftari anayejua kuandika namba za vifuani bila kuzichanganya. Zawadi ziwe za kwetu: Phoenix mpya kwa mshindi wa baiskeli za kazi, mbuzi kwa wa pili, ndoo za mafuta ya alizeti kwa wanaofuata, na wakamuaji wa alizeti wa mkoa huu waulizwe kama wanataka majina yao yaandikwe kwenye vitambaa vya mwisho wa mbio. Fedha taslimu zikiwapo, zilipwe siku ile ile, pale pale. Hakuna kinachoua mbio haraka kuliko mshindi anayeambiwa apite ofisini Jumatatu.

Ziwepo mbio mbili kubwa. Za kwanza ni za baiskeli za kazi, zenye keria, bila giya, na ikiwezekana kila mmoja apakie kilo kadhaa za alizeti zitakazopimwa mwanzo na mwisho, asije akatokea mjanja wa kumwaga njiani. Mbio hizo hazipo popote ninapopajua, na mtazamaji atacheka na kushangilia kwa wakati mmoja. Za pili ziwe huru, kwa mwenye baiskeli ya giya kutoka popote, Arusha, Mwanza, hata Nairobi. Watoto wetu wawaone wageni hao wakijipanga mshazari kwenye upepo wa Singida, na wageni waone ni nani anayewasumbua.

Kuhusu tarehe, moyo wangu unataka Julai, Tour ikiwa hewani. Akili yangu inasema Agosti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na sote tunajua kwamba vifungu huwa bado havijafunguka. Kutegemea fedha za Julai ni kutafuta lawama. Agosti alizeti imekwisha kuvunwa, mvua ni habari ya miezi ijayo, vijana wana nafasi, na upepo uko kazini. Chagueni Jumamosi moja na isihamishwe.

Wasichana na wanawake wawe na mbio zao siku hiyo hiyo, na zawadi sawa na za wanaume, bila mjadala. Huko Kigali, kwa mara ya kwanza katika historia ya mashindano ya dunia, wanawake wa chini ya miaka 23 walipewa mbio zao wenyewe badala ya kuchanganywa na wakubwa. Sababu yangu ya kulisisitiza hili imo zaidi darasani kuliko kwenye jukwaa la washindi. Mwaka 2006 jimbo la Bihar nchini India, maskini kuliko mengi ya huko, lilianza kuwapa wasichana wanaoingia sekondari fedha za kununua baiskeli. Watafiti walioufuatilia mpango huo waliona uandikishaji wa wasichana umepanda kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana limepungua kwa asilimia 40. Wasichana wa kata zetu za Ngimu, Ughandi na Mughunga wanaijua safari ya shule kwa nyayo zao. Binti akiwaona wenzake wakishangiliwa juu ya baiskeli mbele ya baba yake, siku baba atakaponunua baiskeli hatauliza ni ya mtoto gani wa kiume.

Sasa bega la barabara. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mtanisamehe. Hakuna haja ya kuwaita watu kwenye mbio mara moja kwa mwaka kama siku nyingine zote tunawaacha wasukumwe mchangani na mabasi. Mwenye baiskeli, honi ikilia nyuma yake, ana sekunde chache za kuamua: abaki juu ya lami apigwe, au ashuke ukingoni na gunia lake aanguke. Lami inapokuwa nyembamba na ukingo wake umemeguka, hakuna uamuzi ulio salama. Najua barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS na za vijijini na mitaa ziko chini ya TARURA, na Halmashauri haimwagi lami yenyewe. Lakini michoro hupita mikononi mwenu, na mnayo sauti kwenye kikao cha bodi ya barabara. Ulizeni swali moja kila mchoro unapoletwa: mwenye baiskeli anapita wapi? Jibu likiwa "atajibana," rudisheni mchoro.

Bega likipatikana, lilindwe. Dar es Salaam walipozindua mabasi ya mwendokasi mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia za baiskeli, nzuri, za kuringia. Mara nyingi utazikuta pikipiki zimezigeuza zake. Hapa Ilongero mji bado ni mdogo, na mambo yanawekeka sawa kabla maduka hayajajaa hadi ukingoni. Wekeni vyuma vya kufungia baiskeli sokoni na kwenye ofisi za umma, wekeni matuta karibu na shule, na sheria ndogo za kuzuia biashara kwenye njia ya kupita zisimamiwe tangu siku ya kwanza.

Neno la usalama siku ya mbio. Agosti 27, 2022 Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani na mmoja wa waendeshaji bora wa Kenya, alianguka katika mbio za changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 33, mzoefu, mwenye vifaa. Nalitaja jina lake ili asitokee mtu wa kusema kofia ngumu ni mapambo ya Wazungu. Asiye na kofia asianze. Kama hazitoshi, ziazimwe, zikusanywe mwisho.

Na mafundi. Kila kijiji kina fundi mmoja mwenye pampu, beseni, na kopo la gundi, ambaye ndiye anayeifanya wilaya hii izunguke. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana mafundi wa baiskeli kikija kuomba, kisionekane cha kizamani mbele ya kile cha bodaboda. Vipuri vizuri, beringi, cheni, spoku zisizokatika, vikipatikana Ilongero badala ya kufuatwa mjini, faida itaonekana kwenye kila gunia linalofika sokoni. Na walemavu wanaotumia baiskeli za kuzungusha kwa mikono wapate mbio zao pia. Mwanza waliliweza hilo, hatuna kisingizio.

Waheshimiwa, Simbu hakusubiri ajengewe uwanja wa marathoni. Hata hivyo alikuta mbio za kukimbia, mwanzoni ndogo, kisha kubwa, hadi Tokyo. Kijana wa baiskeli wa Ilongero akitaka kushindana leo, hana pa kuanzia katika wilaya nzima.

Naomba suala la mbio lipelekwe kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji, la bega la barabara kwenye Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira, na yote mawili yafike kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango kabla kitabu cha bajeti ijayo hakijafungwa. Jibu, liwe ndiyo au hapana, libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kata. Likiwa ndiyo, mafundi na waendeshaji wa Ilongero tuko tayari kujitolea kupima njia, kuandikisha washiriki na kusimama kwenye kona na vibendera, bila posho.

Wenu,
Mkazi wa Ilongero